Njia Moja, Kutoka Ng'ombe Hadi Kiwandani

Kama mama yake Pak Danang angechagua siku nyingine, huenda maziwa ya kijiji cha Kembangsari yasingemwagwa. Wening aliliwaza hilo mara nyingi baadaye, akiosha vyombo au akiwa amesimama kwenye foleni ya benki, na kila mara alijikuta amekunja uso kama mtu aliyeuma pilipili bila kutazamia. Hakuwahi kulisema. Utamlaumu vipi bibi kizee aliyeketi kibarazani na kalenda yake ya Kijava, akajumlisha siku za juma na siku za soko, kisha akatamka kwamba heri ya kazi ya mwanawe iko Alhamisi, wala si siku nyingine?

Jaribio la mfumo mpya lilikuwa limepangwa Jumatatu iliyofuata. Siku njema ikalitangulia jaribio. Basi.

Kampuni ya Pak Danang ilikuwa katika nyumba ya kawaida mjini Salatiga, yenye bustani ndogo mbele na sebule iliyogeuzwa ofisi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuutunza mfumo wa kompyuta wa ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wale wa miteremko ya mlima Merbabu. Asubuhi na jioni wafugaji huleta maziwa kwenye vituo vya vijijini. Karani wa kituo hupima wingi wake, joto lake na mafuta yake, kisha hutuma vipimo kwa simu. Ofisi ya ushirika ikishaona vipimo ndipo hupanga malori ya kupoozea yapite wapi. Kituo kisichotuma kitu huhesabiwa kwamba siku hiyo hakina maziwa, na lori hukipita.

Mfumo wa kwanza aliuandika Wening peke yake, mwaka aliorudi kutoka Jakarta kuja kumuuguza mama yake. Mama alipona, Wening akabaki. Mume wake alikuwa na kazi Batam; alikuja kwa Idi ya Lebaran na kuondoka kabla nguo zake hazijakauka kambani. Mtoto hawakujaliwa. Majirani walikuwa wameshaacha kuuliza, na huko kuacha kuuliza kulimuuma kuliko maswali. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mtu wa maneno machache, mwenye kupenda kitu kikae mahali pake na kifanye kazi yake bila kelele.

Mfumo wake ulikuwa hivyo hivyo. Seva ya wavuti, ukurasa mmoja mweupe, visanduku vitatu vya kujaza na kitufe cha kutuma. Karani aliufungua kwenye simu yoyote, hata iliyopasuka kioo, akajaza, akabonyeza, likatokea neno "Imefika." Mambo yakienda kombo, ukurasa ulieleza kwa lugha ya watu kilichoharibika.

Lakini ushirika ulikua. Wakataka malipo ya wafugaji yahesabiwe humo humo, wakataka ratiba ya malori, wakataka chanjo za ng'ombe. Wening akawa anaongeza chumba juu ya chumba, mpaka ikafika mahali ambapo mwisho wa mwezi, hesabu za malipo zikianza, mfumo mzima ulikuwa ukihema kama mtu mnene aliyepandishwa ngazi. Hapo ndipo Pak Danang alipomwajiri Bagas.

Bagas alikuwa kijana wa thelathini na ushei, mwenyeji wa Bekasi, aliyetoka kwenye makampuni makubwa ya mji mkuu. Alivaa kandambili ofisini, alikula karanga mfululizo, na alijua kazi yake. Wening hakumkatalia hilo hata siku moja. Bagas alisema mfumo ukatwe vipande: malipo peke yake, ratiba peke yake, vipimo peke yake, kila kimoja kwenye seva yake, na vipande viwe vinaitana kwa wito wa mbali.

Wito wa mbali lilikuwa jina walilolitunga wao wenyewe pale ofisini. Kwenye seva ya wavuti, kompyuta moja huiendea nyingine kama mtu aendavyo dirishani ofisi ya serikali: anasema shida yake kwa maneno, anangoja, anajibiwa kwa maneno, anaondoka. Kwenye wito wa mbali hakuna dirisha. Programu huiita kazi iliyo kwenye mashine nyingine kana kwamba iko chumba cha pili, na kazi inafanyika. Ila sharti pande zote mbili ziwe zimeshika mkataba mmoja, unaosema kipi kitaulizwa, kwa mpangilio gani, na kama ni namba au neno. Kinachosafiri kati yao si maandishi ya kusomwa na jicho. Ni vitu vilivyofungashwa vikashindiliwa, ndiyo maana huenda mbio na havina uzito.

"Mbak, mimi ukurasa wako nauheshimu," Bagas alimwambia siku walipokuwa wamesimama mbele ya ubao mweupe, Pak Danang akiwasikiliza huku amekalia kona ya meza. "Lakini tazama hii. Karani wa Kembangsari, kwenye kisanduku cha mafuta, ameandika 'kama jana.'"

"Nimeiona."

"Kama jana! Sasa kompyuta ifanyeje, impigie jana simu?"

Wasichana wawili wa hesabu wakaangua kicheko. Wening naye akacheka, maana lilikuwa la kuchekesha.

"Huyo Lastri, binamu yangu. Nitamsema."

"Utamsema yeye, kesho mwingine ataandika 'mengi kiasi.' Kwa mkataba hataweza. Pale pa namba ni namba. Asipoweka namba hapiti."

"Ndani nakubali," Wening akasema. Alichora duara ubaoni, akaweka vile vipande vyote humo. "Hizi seva zetu ziko chumba kimoja, tunazilisha wenyewe, tukibadilisha mkataba tunabadilisha zote siku moja. Ziitane zinavyotaka. Ila hapa," akachora mlango pembeni mwa duara, "hapa wanaingia watu. Simu za kila aina, waifai ya kununua kwa vocha kutoka paa la jirani. Hapa iwekwe seva ya wavuti. Nitaongeza ulinzi wa namba, 'kama jana' haitapita tena."

"Yaani milango miwili, Mbak. Lugha mbili. Nani atalinda yote?"

"Mimi."

"Ukiugua?"

"Ukiugua wewe je?"

"Mimi siugui, nakula karanga."

Pak Danang akacheka, akapiga makofi mara moja kama mtu anayefunga duka. "Haya, haya. Ning anajaribu Jumatatu kule vituoni. Tuone." Alimwita Ning tu, bila Mbak, yaani dada, wala Bu, yaani mama, mbele yake, kama mtu anavyomwita mdogo wake wa nyumbani. Walikuwa wamesoma chuo kimoja, yeye akiwa mbele miaka kadhaa. Wening aliliona hilo jina fupi kama kiti chake pale ofisini.

Basi ndipo mama yake Pak Danang akaitafuta siku, na siku ikawa Alhamisi.

Hakuna kazi kubwa inayoanzishwa bila tumpeng. Wali wa manjano hufinyangwa ukawa mlima wenye ncha, ukazungukwa na kuku wa kukaanga, mayai, tempe tamu ya soya na mboga za nazi, watu wakaomba dua, kisha mwenye shughuli akakikata kile kilele na kumpa anayemheshimu kuliko wote. Wening alidhani tumpeng ile ni ya kuanzisha mradi kwa jumla. Alikuja amevaa batiki yake nzuri. Bu Hartati, mwenyekiti wa ushirika, alikuwepo, mtu wa sauti ndogo na macho yasiyopitwa. Nyuma ya wali palikuwa na bango jipya la kitambaa. Wening alilisoma mara mbili: "Njia Moja, Kutoka Ng'ombe Hadi Kiwandani."

Dua ikaisha. Pak Danang akashika kisu.

"Tumefikiri sana," alisema, "tukaona tusiwe na mambo mawili mawili. Kila kitu kitaenda kwa wito wa mbali, tangu kituoni mpaka kiwandani. Na mama mlezi wa kazi hii, aliyeubeba ushirika huu tangu hatujawa na hata kiyoyozi, ni huyu hapa." Akakikata kilele, akakiweka kwenye sahani iliyotandikwa jani la mgomba, akamletea Wening kwa mikono miwili.

Sebule yote ikawa inamtazama yeye. Bu Hartati akitabasamu, simu zikipiga picha. Wening aliona joto likimpanda shingoni. Kama angesema, "Pak, bado hatujajaribu," angemvua mwenzake nguo mbele ya mgeni, na wali umeshakatwa, na kilele cha wali hakirudishwi mlimani. Hakuna mtu aliyemjua ambaye angefanya hivyo. Yeye mwenyewe hakujijua hivyo.

Akaipokea sahani. Akala. Wali ulikuwa na chumvi kidogo mno.

Jumatatu alipanda Kembangsari hata hivyo, kwa pikipiki, na simu mpya yenye programu ya Bagas ndani. Kituo kilikuwa chumba cha tofali kando ya shamba la kabichi. Lastri alikuwa amekwishapanga madumu ya chuma, amevaa buti za mpira na kitambaa kichwani.

"Hee, mtu wa mjini kaja na mchezo wake! Wapi yale makaratasi ya kusaini?"

"Hakuna makaratasi, Mbakyu," Wening akamjibu, akimwita dada mkubwa. "Fungua hapa, jaza, tuma."

Lastri akajaza, safari hii namba tupu, akimwangalia Wening kwa jicho la upande ili aonekane. Akabonyeza. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo. Likazunguka, likazunguka. Wanawake watatu waliokuwa wakingoja na ndoo zao wakasogea kuangalia.

"Linatafuta nini?" akauliza mmoja.

"Linatafuta mkia wake," Lastri akasema.

Duara likasimama. Yakaja maneno mawili ya Kiingereza na namba. Wakajaribu tena, na tena. Mara moja vipimo vilipita, wakashangilia. Mara nne havikupita. Wening alifungua laptopu juu ya dumu, akachungulia njia ilivyokwenda. Waifai ya Kembangsari ilitoka kwa Pak Giman, aliyefunga antena juu ya paa lake na kuwauzia majirani vocha. Katikati kulikuwa na ruta ya zamani iliyojua kurasa za kawaida tu. Ukurasa wa wavuti huomba, hujibiwa, hukata. Wito wa mbali ulitaka laini iliyoachwa wazi, na kwa mtindo mpya wa mazungumzo ambao ruta ile haikuwahi kuusikia. Basi ilikuwa ikiukata katikati kama mtu anayefunga simu ya matapeli. Na vituo vingi vya mlimani viliishi kwa waifai za namna ile.

"Ule ukurasa wa zamani upo bado?" Lastri akauliza.

"Upo kidogo."

"Kidogo maana yake nini? Kitu kipo au hakipo."

Wening akaichukua simu. Akavituma vipimo kwa ukurasa wa zamani, lori likaja, akateremka.

Alimkuta Bagas peke yake ofisini, akamweleza yote. Alitarajia ubishi. Bagas aliacha kutafuna, akakaa akiutazama ubao.

"Nilikuwa nahofia hivyo," akasema mwishowe. "Rafiki yangu aliniambia mitandao ya vocha inasumbua."

"Lini alikuambia?"

"Jumatano."

"Wali ulikatwa Alhamisi, Bagas."

"Wali ulikuwa umeshaagizwa, Mbak! Bango limeshachapwa! Mimi nina miezi miwili hapa, mgeni, nimwendee mzee nimwambie futa bango?" Akashusha sauti. "Na nilijua wewe utasema. Wewe ndiye mwenye sauti. Halafu nikaona umepokea kilele umekula."

Wening alitaka kumrushia kikopo chake cha karanga. Badala yake akauliza kama kuna namna ya kuufundisha wito wa mbali upite kwenye ruta za kizamani, na wakaketi wakaanza kutafuta.

Zikafuata wiki ambazo hakupenda kuzikumbuka. Walitengeneza mkalimani, programu ya kukaa katikati na kuugeuza wito uwe ombi la kawaida; alipita vituo vingine, vingine akagoma. Walibadilisha mkataba ili umfae mkalimani, na kila mkataba ulipobadilika simu za makarani wote zilihitaji programu mpya. Simu ya Lastri ilikataa kuipakua kwa sababu ilijaa picha za harusi ya mwanawe, naye hakuwa tayari kufuta hata moja. "Hii ya bibi harusi anakanyaga kinyesi cha mbuzi ndiyo nifute? Thubutu!" Karani mmoja alibaki na mkataba wa zamani bila kujua, vipimo vyake vilikuwa vikienda na kuangukia penye chanjo, ikaonekana ng'ombe wa kijiji kizima wamechanjwa kwa lita. Kila jambo lilikuwa na dawa, na kila dawa ilizaa jambo. Jioni Wening alirudi nyumbani na mabega yake yamekuwa mawe. Mama yake alimwekea chakula, akamwuliza kazi ikoje, akajibu "Inaenda," kwa sababu kuanza kueleza kulikuwa kazi nyingine.

Kwa Pak Danang alikwenda mara tatu. Hakwenda kumwambia hapana. Alikwenda kama inavyopasa, akaanza na hali ya mama yake, na mvua, na bei ya chakula cha ng'ombe, kisha akasema kwamba pengine, kama haitakuwa usumbufu, ule ukurasa wa zamani ungeachwa ukiwaka kwa muda, makarani wazee wapate kuzoea.

"Utapata dawa, Ning," Pak Danang alimwambia mara ya kwanza, akimmiminia chai.

Mara ya pili akasema atafikiria kuwanunulia ruta mpya. Mara ya tatu akamwangalia kwa upole uliomchosha. "Bu Hartati amewaalika watu wa ushirika wa Boyolali waje waone. Waone nini? Njia moja, na nyuma ya pazia nyingine? Nimetaja mbele ya watu. Na wewe ulikuwepo."

Ndiyo, alikuwepo. Akanywa chai, akatoka.

Siku ya kuzima ukurasa wa zamani ilifika. Asubuhi vipimo vya vituo vya bondeni viliingia vizuri, haraka kuliko wakati wowote, na Bagas akasimama akapiga kiganja mezani kwa furaha. Vya mlimani vikaja kimoja kimoja, kisha vikakoma. Kembangsari haikuonekana. Wening akapiga simu ofisi ya malori. Karani wa huko akamjibu kwa adabu kwamba kwa mfumo mpya hawapokei vipimo kwa kupigiwa simu tena, ni maagizo, na orodha imeshafungwa. Lori lilikuwa limekwishapita njia panda.

Alipanda pikipiki. Alipofika, wanawake walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa barabara na madumu yao, kofia za majani vichwani, hawasemi kitu. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Lastri akafunua dumu moja, akachovya kidole, akakilamba, akatema mate.

"Yamegeuka," akasema.

"Mbakyu..."

"Nilituma. Nilituma mpaka kidole kikauma. Nikapanda mpaka kwa Pak Giman nikakaa chini ya antena yake kama kuku, nikatuma." Hakuwa akipiga kelele. "Ule ukurasa wako mweupe ulikuwa na ubaya gani, Ning? Sema tu. Ulimkosea nani?"

Mmoja wa wale wanawake alikuwa ameanza. Aliinamisha dumu lake juu ya mtaro wa kabichi, na maziwa yakatoka mazito, yakashuka mtaroni polepole yakibeba majani makavu. Wengine wakafuata. Wening alisaidia kushika madumu. Ilikuwa kazi ya nguvu, na harufu iliingia kwenye nguo zake. Alisikia hasira, lakini haikuwa na mtu wa kuangukia; ilizunguka ndani yake tu.

Mkutano uliitwa kesho yake. Bu Hartati alikuja amevaa hijabu ya kijivu, akala kipande kimoja cha peremende ya karanga, akasifu bustani. Pak Danang akasema kulikuwa na matatizo madogo ya mwanzo. Bagas akasema mkalimani mpya yuko njiani. Kila mtu akakubaliana kwamba mwanzo ni mgumu. Bu Hartati akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba wafugaji wa mlimani wamechoka, na pengine ushirika upumzike kwanza na mambo ya kompyuta, warudi kwenye karatasi, "mpaka Pak Danang naye apumzike kidogo."

Hakukuwa na mtu ndani ya chumba kile asiyejua ameambiwa nini. Pak Danang aliendelea kutabasamu, lakini rangi ya uso ilimtoka. Wening akaona jinsi itakavyokuwa: watasindikizana mpaka getini wakiombana radhi, na mwezi ujao ushirika hautakuwa tena mteja wao, na Lastri atakuwa akiandika kwenye karatasi zinazolowa mvua, na malori yatapita kwa kubahatisha. Akaona pia kwamba Pak Danang anamwangalia, na macho yake yanamwomba anyamaze.

"Hapana," akasema.

Alilisema bila kuanza na mvua wala chakula cha ng'ombe. Msichana mmoja wa hesabu akainua kichwa kama aliyesikia sahani ikivunjika.

"Bu Hartati, kosa si la wafugaji wala si la mwanzo mgumu. Tulichagua vibaya. Wito wa mbali ni mzuri ndani, na ndani uendelee. Malipo ya mwezi huu yamehesabiwa haraka kwa sababu yake, hiyo kazi ya Bagas na ni nzuri. Lakini mlangoni haufai. Watu wa mlimani hawana mtandao wa kuubeba, na hatuwezi kuwabadilishia mlima. Mlangoni iwekwe seva ya wavuti. Mimi naweza kuiwasha leo, jioni ya leo wakatuma."

Wening alimtazama Bagas. Bagas alikuwa akisoma kikombe chake cha chai.

"Jioni ya leo?" Bu Hartati akauliza.

"Jioni ya leo. Na mkalimani tumfukuze."

Bu Hartati akamgeukia Pak Danang. Naye Pak Danang, baada ya kukohoa kidogo, akasema, "Ndiyo. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiria tangu jana. Nilitaka tu timu ilitamke yenyewe."

"Vizuri," akasema Bu Hartati. "Basi tutazame jioni."

Wening alifanya kazi mchana kutwa bila kuinuka. Ukurasa ulirudi na visanduku vyake vitatu, sasa vyenye kukataa kila kisicho namba, na nyuma yake programu ndogo iliyopokea vipimo kwa maneno ya kawaida na kuviitia ndani kwa wito wa mbali, kwa mkataba, mbio. Bagas alikuja akakaa pembeni yake bila kuitwa, akaandika ule upande wa ndani. Hawakuzungumza habari ya asubuhi. Jioni vipimo vya mlimani vikaanza kuteremka kwenye kioo, kituo kimoja baada ya kingine, na cha Kembangsari kikawemo. Muda mfupi baadaye Lastri akapiga simu.

"Imeandika 'Imefika.'"

"Nimeona, Mbakyu."

"Lori nalo limefika. Ila maandishi yako membamba, juani hayasomeki."

"Nitayanenepesha."

"Nenepesha. Na wewe ule, uko kama uzi."

Ushirika haukuondoka. Watu wa Boyolali walikuja, wakaonyeshwa, wakapiga picha chini ya bango ambalo hakuna aliyelishusha. Pak Danang aliwaeleza kwa ufasaha kwa nini alionelea ndani kuwe na wito wa mbali na mlangoni seva ya wavuti, na alieleza vizuri. Mtu angedhani ni yeye aliyechora lile duara. Wening alibeba sinia la chai. Aliposogea, Pak Danang alimshukuru kwa adabu kamili: "Ahsante sana, Bu Wening."

Tangu siku hiyo likawa ndilo jina lake. Bu Wening, ripoti iko wapi. Bu Wening, samahani kwa kukusumbua. Hakuna aliyemkosea adabu; adabu iliongezeka kila siku. Ratiba za mikutano zikamfikia zikiwa zimeshapangwa, na kiti chake kikawa kile cha karibu na jiko. Mama yake alimwuliza kwa nini hamtaji tena yule bosi wake, akasema wana kazi nyingi. Mume wake kwenye simu akamwambia, "Si ulishinda?" Akasema ndiyo, alishinda.

Mwezi wa mvua ukaja mradi mwingine, wa ushirika wa wafuga kuku wa mayai. Sebule ikajaa. Bagas alisimama mbele ya ubao akaeleza jinsi mabanda yatakavyotuma hesabu za mayai: wafugaji wa kuku wana simu nzuri, alisema, wako karibu na barabara kuu, lakini tusihatarishe, tuweke seva ya wavuti kila mahali, nje na ndani, watu waishi kwa amani. Vichwa vikaitikia. Ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyetaka tena kusikia neno la wito wa mbali, na kwamba uoga umeshika kisu safari hii. Wening aliitazama michoro. Ndani, mahali ambapo mizani za mashine zingekuwa zikituma uzito wa kila yai mfululizo, ukurasa wa maneno ungejaa na kuhema kama ule wa kwanza. Hawakuwa wamejifunza walichopaswa kujifunza. Walikuwa wamejifunza tu nani alisema hapana.

"Basi tumekubaliana," akasema Pak Danang. "Mama anatafuta siku."

Wening akainua mkono.

Pak Danang aliuona mara moja, ingawa alichelewa kuonyesha kwamba ameuona. Akaitazama saa yake. "Naam, Bu Wening," akasema, na sauti yake ilikuwa laini kama sabuni. "Kuna jambo?"

Sebule ikageuka kumtazama. Alikuwa amechoka kweli, uchovu usiotokana na kazi. Akasimama, akaenda ubaoni, akachukua kalamu kutoka mkononi mwa Bagas.

"Lipo," akasema, na akaanza kueleza.